Mwaka wa Kwanza Chuoni Unahesabiwa

Chukua mwanafunzi wa shahada ya miaka mitatu aliyemaliza mwaka wa kwanza na GPA ya 3.0. Hakushika sapu, yaani mtihani wa marudio, hata moja, hana somo la kurudia, na nyumbani habari zake zimepokewa kwa vigelegele. Kwa viwango vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 3.0 ni sawa na kupata B, yaani alama kati ya 50 na 59, katika kila somo. Mwaka wa pili anakaza buti. Tuseme kuanzia hapo hadi mtihani wake wa mwisho anapata A katika masomo yote, bila kuteleza hata mara moja. Atahitimu na GPA ya 4.3. Daraja la kwanza linaanzia 4.4.

Hakuna aliyemwonea. Hesabu ndivyo ilivyo. A ina pointi 5, B+ pointi 4, B pointi 3 na C pointi 2. Pointi za kila somo huzidishwa kwa krediti zake, zote hujumlishwa, kisha jumla hugawanywa kwa krediti zote za shahada. Mfumo unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, umepanga krediti 120 kwa mwaka, kwa hiyo shahada ya miaka mitatu ina krediti 360 na mwaka wa kwanza ni theluthi yake kamili. Somo alilosoma kijana akiwa na mwezi mmoja tangu ashuke basi Mbezi, hajajua hata maktaba hufungwa saa ngapi, lina uzito uleule na somo atakalolifanya akiwa mkongwe wa mwaka wa tatu, krediti zikiwa sawa.

Mabwenini mgeni huambiwa kinyume chake. Anayefika na begi lake huambiwa atulie, kwani mwaka wa kwanza ni wa kuzoea mazingira, GPA inatafutwa mwaka wa pili. Wanaosema hivyo hawana nia mbaya. Wengi wao waliambiwa hivyo hivyo na waliowatangulia, nao wakaamini. Lakini ni ushauri unaowagharimu vijana kitu ambacho hakirudishwi, na gharama hiyo huonekana pale tu wanapofungua matokeo ya mwaka wa tatu na kupiga hesabu ya mwisho.

Kinachopotea kinajulikana. Katika vyuo vyetu vingi vinavyotumia kipimo cha pointi 5, GPA ya 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 ni daraja la pili la chini, na 2.0 hadi 2.6 ni ufaulu wa kawaida. Chini ya 2.7, milango ya shahada ya uzamili huanza kufungwa. Anayetaka kubaki chuoni kama mhadhiri msaidizi wa ngazi ya kwanza katika vyuo vikuu vya umma anatakiwa kuwa na 3.8 katika shahada ya kwanza, na akiendelea hadi uzamili anatakiwa apate 4.0. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola kwa wanaotaka kusoma Uingereza kwa kawaida huanzia daraja la pili la juu. Yule kijana wetu wa 3.0, akitamani tu hiyo 3.8 ya kufundisha, anadaiwa wastani wa 4.2 katika miaka miwili iliyobaki. Inawezekana, lakini ameanza mbio nyuma ya mstari wakati wenzake aliokaa nao ukumbi mmoja wako mbele yake.

Wapo watakaosema kwamba alama si kitu siku hizi. Wana hoja, na haifai kuipuuza. Mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa akisimamia rasilimali watu katika kampuni ya Google, alisema hadharani kwamba GPA haiwasaidii kujua nani atafanya kazi vizuri. Kampuni ya ukaguzi ya EY nchini Uingereza iliacha mwaka 2015 kutumia daraja la shahada kama kigezo cha kuwachuja waombaji, na PwC ya huko ikafuata mwaka 2022. Hapa kwetu, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huwapitisha waombaji kwenye mtihani wa mchujo wa kuandika kabla ya mahojiano ya ana kwa ana. Wapo wenye 4.2 walioanguka kwenye mchujo huo na wapo wenye 3.1 waliopita.

Hata hivyo, kampuni hizo za nje zilipoweka daraja pembeni zilibaki na mitihani yao wenyewe, mahojiano ya hatua kadhaa na idara nzima zinazofanya kazi ya kuchuja watu. Waajiri wetu wengi hawana vyombo hivyo. Mwenye ofisi ndogo Kariakoo au shirika lenye nafasi mbili na maombi mamia atatafuta njia ya haraka ya kupunguza bahasha mezani, na njia ya haraka ni namba iliyoandikwa kwenye nakala ya matokeo. Njia nyingine ya haraka ni kujuana. Mtoto wa mkulima wa Kakonko au wa mvuvi wa Kilwa hana mjomba ofisini, na karatasi ile ndiyo itakayomsemea. Kumwambia kijana wa namna hiyo kwamba alama si kitu ni kumnyang'anya silaha pekee aliyonayo kabla hajafika vitani. Kadiri mtu anavyokosa watu wa kumshika mkono, ndivyo GPA inavyozidi kuwa na maana kwake. Na ndiye huyo huyo ambaye mwaka wa kwanza humwendea vibaya zaidi.

Sababu zake haziko kichwani mwake. Mwanafunzi wa kidato cha sita amelelewa katika mfumo ambao macho yote yako kwenye mtihani wa Taifa wa mwezi Mei. Anasoma miaka miwili akilenga siku chache, anafanya mtihani unaosahihishwa na watu wasiomjua, anasubiri matokeo ya Julai. Walimu humkumbusha kila wiki kwamba mtihani unakuja. Kengele humwamsha, kengele humwingiza prepo, kengele humlaza. Mwezi wa kumi au wa kumi na moja anaingia mahali ambapo hakuna kengele, hakuna anayeuliza kama ameingia darasani, na sehemu kubwa ya alama imeshagawiwa kabla ya mtihani wa mwisho kuanza.

Hapo penyewe panahitaji kutazamwa kwa karibu. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kawaida kazi za muhula zina alama 40 na mtihani wa mwisho, ule ambao wanafunzi huuita UE, una alama 60. Kazi za muhula ni majaribio, insha za nyumbani, mada za kuwasilisha semina na kazi za vikundi. Mwanafunzi aliyekusanya 28 kati ya 40 anahitaji 32 tu kati ya 60 ili afikishe 60 na kupata B+. Aliyekusanya 18 anahitaji 42 kati ya 60 kwa B+ hiyo hiyo, yaani afanye mtihani kwa kiwango cha asilimia 70, kiwango cha A. Na ile 18 mara nyingi haitokani na ujinga. Inatokana na jaribio la kwanza lililofanyika wiki ambayo kijana bado alikuwa hajajua kwamba majaribio yanahesabiwa, au na kazi ya kikundi cha watu kumi ambayo aliandikwa jina tu, akidhani amepata nafuu.

Tazama pia hali ya wiki za mwanzo. Udahili wenyewe hufanyika kwa awamu, na mikopo hutangazwa kwa awamu vilevile. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, imewafikisha chuoni watoto wa maskini ambao bila yake wangebaki vijijini, na hilo ni jambo la kushukuriwa kwa dhati. Lakini kijana ambaye jina lake limetoka awamu ya mwisho hufika mihadhara ikiwa imeanza. Wakati wenzake wako wiki ya tatu ya hesabu, yeye yuko foleni ya usajili na bahasha ya vyeti, anahangaikia saini, anangoja bumu, zile fedha za kujikimu za mkopo, liingie ili alipe kitanda. Anayekosa hosteli anapanga chumba mbali. Hosteli za Magufuli pale Mlimani, zilizofunguliwa mwaka 2017 zikiwa na nafasi 3,840, zilipunguza adha kwa wengi, ila si wote wanaopata nafasi, na saa mbili au tatu za kila siku huishia kwenye daladala.

Kisha aingie ukumbini. Ukumbi wa mhadhara wa mwaka wa kwanza, hasa wa yale masomo ya lazima kwa kozi nyingi kama stadi za mawasiliano na taaluma za maendeleo, hujaa hadi kwenye ngazi. Waliochelewa wanaandika wakiwa wamesimama, daftari limewekwa juu ya begi, sauti ya mhadhiri inapotea kila kipaza sauti kinapokwaruza. Mhadhiri anazungumza Kiingereza cha kitabuni kwa kasi ya mtu aliyefundisha mada hiyo miaka kumi. Aliyetoka shule nzuri ya bweni anachukua hoja. Aliyetoka shule ya kata, ambako mwalimu alilazimika kufafanua kwa Kiswahili ili darasa lisonge, anachukua maneno. Usiku anayatazama maneno yale kwenye daftari na hayampi kitu.

Ndipo anapokwenda kununua desa. Nje ya kila chuo kikubwa nchini kuna vibanda vya fotokopi ambako maelezo ya mihadhara ya mwaka juzi na mitihani ya nyuma hupangwa kwa mafungu, kila fungu limebanwa pini kona moja na kuandikwa jina la somo kwa kalamu nene. Desa si dhambi. Mitihani ya nyuma ni nyenzo nzuri kwa anayeifanya mwenyewe, akaandika majibu, akampelekea kiongozi wa semina amsahihishe. Lakini mgeni wa mwaka wa kwanza hulikariri kama lilivyo, maana ndivyo alivyofaulu kidato cha sita, halafu swali linakuja limegeuzwa upande wa pili na kumtaka apinge hoja aliyokariri. Anapata C. Hajui kwa nini amepata C. Akishika sapu ndiyo balaa zaidi, kwani Mlimani somo lililofauliwa kwa sapu huingia kwenye hesabu kama C, hata kama safari ya pili amelijua vizuri kuliko waliolipita mara ya kwanza.

Huyu anahukumiwa kwa pointi zile zile, krediti zile zile, na aliyefika siku ya kwanza akiwa na kompyuta mpakato na kaka aliyepita hapo hapo miaka miwili kabla.

Vyuo vya kwingine vimelifikiria jambo hili muda mrefu. Chuo cha teknolojia cha MIT, Marekani, kiliamua mwaka 1968 kwamba wanafunzi wa mwaka wa kwanza wasipewe herufi za alama kabisa. Aliyefaulu aliandikiwa kwamba amefaulu, basi. Kuanzia mwaka wa masomo 2002 wakabadilisha: muhula wa kwanza ukabaki vile vile, muhula wa pili ukaanza kutolewa A, B na C, na aliyefeli hakuandikwa kwenye nakala inayotoka nje ya chuo. Hata wao, baada ya zaidi ya miaka 30, waliona mwaka mzima bila herufi ni mrefu mno. Caltech nao huwapa wageni wao mihula miwili ya mwanzo, kati ya mitatu ya mwaka, bila herufi. Hivi ni vyuo ambavyo mwanafunzi wake hafiki mpaka awe miongoni mwa wachache sana waliochaguliwa, na bado vilikubali kwamba mtu akihamia mahali papya anahitaji muda wa kujua namna ya kusimama.

Waingereza wamekwenda mbali zaidi. Katika vyuo vyao vingi mwaka wa kwanza hauingii kabisa kwenye daraja la shahada. Mtu afikishe 40 kwa mia, avuke. Scotland, ambako shahada ya heshima ni miaka minne, mara nyingi ni miaka miwili ya mwisho ndiyo inayopanga daraja. Matokeo yake ni mazuri kwa upande mmoja na ya kusikitisha kwa upande mwingine. Wanafunzi wanathubutu kuchukua masomo magumu, wanakosea bila kuumizwa. Lakini wengi wanalala mwaka mzima, na wanagundua mapema mwaka wa pili kwamba kumbe kuna waliokuwa wanatazama. Benki za London huchagua vijana wa mwaka wa kwanza kwa wiki za mafunzo wakati wa masika. Anayeomba nafasi ya mafunzo ya kiangazi mwanzoni mwa mwaka wa pili hana alama nyingine za kuonyesha zaidi ya zile alizoambiwa hazihesabiwi.

Kule Oxford jambo hili linaonekana kwa macho. Mitihani ya mwisho wa mwaka wa kwanza, katika kozi nyingi, haiingii kwenye daraja la kuhitimu. Lakini anayeifanya kwa ubora wa juu kwa kawaida hupewa heshima ya usomi na ndaki yake, na pamoja nayo joho refu lenye mikono mipana. Wenzake wanabaki na joho fupi lisilo na mikono. Mitihani yao hufanywa kwa mavazi rasmi, hivyo miaka miwili baadaye, wakati wa mtihani wa mwisho, ukiingia ukumbini unaweza kumtambua kwa nguo aliyefanya vizuri alipokuwa mgeni. Alama ambazo hazihesabiwi zimevaliwa mabegani.

Kwa hiyo tusiige yote. Kufuta mwaka mzima wa kwanza kwenye hesabu kungewadhuru hawa hawa tunaotaka kuwasaidia, kwa sababu mwaka wa kwanza ndiko iliko misingi. Mwanafunzi wa udaktari wa tiba anajua hili kuliko mwingine yeyote. Shahada yake haigawanywi kwa madaraja, hakuna daraja la kwanza wala la pili, lakini anatomia na fiziolojia za mwanzo asipozishika atazikuta tena wodini zikiwa na sura ya mgonjwa. Mhandisi aliyevuka hesabu za mwaka wa kwanza kwa C ya kubahatisha atalipa kila muhula hadi wa nane. Mhasibu asiyeelewa daftari la kwanza la debiti na krediti hataelewa ukaguzi.

Kinachowezekana, na ambacho ni haki, ni kuacha muhula mmoja. Masomo ya muhula wa kwanza yafundishwe na kupimwa kama kawaida. Anayefeli ashike sapu kama kawaida na ajue kwamba anaweza kudisko, yaani kuondolewa chuoni. Alama zake azione, azijadili na mhadhiri, ajue amekosea wapi. Lakini zinapofika kwenye GPA ya kuhitimu, muhula huo uandikwe "amefaulu" na daraja lipangwe kwa krediti 300 zinazofuata.

Tuone hilo lingebadilisha nini. Mwanafunzi amepata wastani wa 2.4 muhula wa kwanza, akiwa bado anatafuta chumba na kujifunza kuandika insha ya kitaaluma. Muhula wa pili amefikisha 3.2. Miaka miwili iliyofuata, akiwa ameshaelewa kazi, amepata 3.7 kila mwaka. Kwa utaratibu wa sasa anahitimu na 3.4, daraja la pili la chini. Muhula wa kwanza ukiwekwa kando, ni 3.6, daraja la pili la juu. Mtu ni yule yule, ujuzi anaotoka nao ni ule ule. Tofauti ni kwamba katika hesabu ya pili tunamwambia mwajiri kile anachokijua kijana huyu anapohitimu, na katika ya kwanza tunamwambia pia jinsi alivyohangaika miezi minne ya mwanzo akiwa na miaka 19.

Watakaopinga watasema wanafunzi watalala muhula mzima. Baadhi watalala. Lakini mkopo unaendelea kwa anayefaulu, na hofu ya kudisko haijawahi kuhitaji GPA ili imwamshe mtu. Na muhula ni wiki 15. Anayelala wiki 15 ataamka muhula wa pili ukiwa unahesabiwa.

Hayo ni ya vyuo, na vyuo havibadiliki kwa mwezi mmoja. Kijana anayeingia mwaka huu atahesabiwa tangu wiki ya kwanza, kwa hiyo anastahili jibu la wazi: asome kiasi gani?

Jibu limo kwenye mfumo wenyewe wa TCU, ila ni nadra kusomewa mwanafunzi. Krediti moja imewekewa saa 10 za kazi, zikiwemo za mihadhara, semina, maabara, kujisomea na mitihani. Krediti 120 ni saa 1,200 kwa mwaka. Gawanya kwa wiki 30 za mihula miwili, unapata saa 40 kwa wiki. Ni saa za mfanyakazi wa ofisini, siku tano, saa nane kwa siku. Somo la krediti 12 linadai saa 8 kila wiki, na ratiba ya chuo mara nyingi itakupa tatu au nne tu za hizo kama mihadhara na semina. Zilizobaki zinafanyikia nje ya ukumbi na hakuna atakayezisimamia. Hapo ndipo mwaka wa kwanza unapopotea, kwa sababu ratiba ya ukutani inaonyesha nafasi tupu na mgeni anadhani ni za kupumzika.

Saa 40 si msuli wa kutisha. Anayezitimiza kuanzia wiki ya kwanza hana haja ya kukesha wiki ya 14 akiwa na ndoo ya maji ya kutumbukizia miguu ili asilale. Anabaki na muda wa ibada, wa mpira, wa mdahalo, wa kujifunza kompyuta, wa kupata marafiki kutoka mikoa asiyoijua, na mambo hayo yanamjenga mtu kuliko ile tofauti ya A na B+ katika somo moja. Tofauti hiyo, tukiipigia hesabu, ni pointi moja mara krediti 12 gawanya kwa 360, zaidi kidogo ya 0.03. Haifai mtu aumwe kwa ajili yake. Lakini C tano za uzembe ambazo zingekuwa B+ ni zaidi ya 0.3, na hizo zinatosha kumshusha mtu daraja zima.

Katika saa hizo, za kwanza ziende kwenye jaribio la kwanza la kila somo. Ndilo rahisi kuliko yote, mada zake ni chache, na ndilo wageni wengi hulipoteza. Insha ya kwanza ikirudi na alama ndogo, ipelekwe kwa aliyeisahihisha na kuulizwa ilipungukiwa nini. Wahadhiri wana saa za kuonana na wanafunzi, na katika ofisi nyingi saa hizo hupita mlango ukiwa wazi na kiti cha mgeni kikiwa kitupu, kwa sababu aliyelelewa kumwogopa mwalimu haamini kwamba anaruhusiwa kubisha hodi. Anaruhusiwa. Kuuliza ni haki yake, amelipiwa.

Wazazi nao wana sehemu yao. Wengi huuliza swali moja tu simu inapopigwa mwezi Machi: umefaulu? Kijana akijibu ndiyo, mambo yamekwisha. Waulize GPA ni ngapi, na somo gani limempa shida. Mzazi ambaye hakusoma chuo anaweza kuuliza hivyo vizuri tu, na akauliza bila ukali, kwa sababu kijana anayeogopa kusema 2.3 ndiye atakayeificha hadi iwe 1.7.

Na katika wiki ya kuwapokea wageni, pamoja na hotuba za viongozi na maelezo ya bima ya afya, kila chuo kitenge saa moja ya kufundisha hesabu ya GPA kwa Kiswahili, ubaoni, kwa mfano wa matokeo halisi yaliyofutwa jina. Mwanafunzi atoke ukumbini akiwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba chini ya 3.2 mwaka huu, daraja la kwanza la shahada ya miaka mitatu halipo tena. Saa hiyo haihitaji bajeti wala kibali cha mtu yeyote. Kuondoa muhula wa kwanza kwenye hesabu kunahitaji uamuzi wa Seneti ya chuo na baraka za TCU, na waraka wake unaweza kuandaliwa kabla ya wale wanaosubiri sasa matokeo ya kidato cha sita kufika getini na mabegi yao.